Mnazi Mmoja: Kutoka Gofu ya Wachache Hadi Uwanja wa Wote

Hotuba ya kamati katika mkutano wa mwaka wa jumuiya yetu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na watoto wetu, mliopo hapa ukumbini na mtakaotusoma mkiwa Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Dubai, London na kwengineko.

Kila mwaka, kabla ya daftari la michango kufunguliwa, kamati hupewa nafasi ya kusema maneno machache. Mwaka mmoja tulizungumza juu ya visima, mwaka mwengine juu ya madawati ya skuli. Mwaka huu tumeamua kuzungumza juu ya gofu.

Tunawaona mnaangaliana. Kwetu sisi watu wa Mjini, gofu kwanza ni nyumba iliyoanguka dari, zikabaki kuta, mpapai umeota ukumbini na paka wamehamia. Magofu ya namna hiyo tunayo ya kutosha, na Mungu atusaidie. Lakini leo tunakusudia gofu ya mchezo, ule wa gongo na kimpira cheupe, ambao zamani ulichezwa pale Mnazi Mmoja, palepale mlipopandia pembea siku ya Idi. Vijana wengi hawalijui jambo hili. Tunalisimulia kwa sababu lina funzo kwa kazi tunayotaka kuifanya mwaka huu, na mkitusikiliza mpaka mwisho mtaona kwa nini tunakuombeni fedha zenu.

Tuanze na mahali penyewe. Mtoto wa leo akisimama Darajani anaona barabara, maduka na daladala, na si rahisi kumwaminisha kwamba pale palikuwa na maji. Lakini jina linajisema lenyewe: Darajani ni mahali pa daraja. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini, ukapita nyuma ya mji ukielekea huku kusini, ukaugawa mji mafungu mawili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe. Upande wa pili, ng'ambo ya maji, ndiyo Ng'ambo. Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Kilichouzuia ni shingo nyembamba ya mchanga upande wa kusini, baina ya bahari na ule mkono wa maji. Shingo hiyo ndiyo Mnazi Mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuwa uwanja, Mnazi Mmoja ilikuwa njia. Mtu wa shamba aliyetaka kuingia mjini bila ya kuvuka maji alipita hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ile sehemu ya kusini ya mkono wa bahari iligeuzwa kuwa viwanja vya michezo. Sehemu ya kaskazini ilibaki na maji yake kwa miaka mingi, mpaka ilipofukiwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee waliopo hapa mbele wanaikumbuka, na harufu yake maji yakitoka wanaikumbuka zaidi.

Sasa gofu iliingiaje? Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Waingereza waliokuja kufanya kazi za serikali, za meli na za simu walikuja na desturi zao, na mojawapo ilikuwa klabu. Klabu yao ilikuwa Shangani, katika jengo ambalo sote leo tunaliita Africa House. Humo walikunywa, wakasoma magazeti na kutazama jua likizama. Kwa michezo inayohitaji ardhi walitoka nje ya mji, na ardhi ya wazi iliyo karibu ilikuwa Mnazi Mmoja. Hapo wakaweka gofu, tenisi na kriketi.

Hatukuwa peke yetu. Popote bendera ile ilipopandishwa katika Afrika Mashariki, gofu ilifuata. Entebbe walianza mwaka 1901. Nairobi walianzisha klabu yao ya gofu mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa haujatimiza miaka 10. Mombasa wakafuata mwaka 1911, na uwanja wao uko juu ya bahari mpaka leo. Dar es Salaam nao wakapata wao baada ya Waingereza kuuchukua mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916.

Kwa wasioujua, tuueleze mchezo huu kidogo. Mchezaji anasimama mahali palipowekwa alama, anauweka mpira chini, anaupiga kwa gongo kuelekea shimo dogo lililo mbali, pengine mita 300 au 400. Kisha anaufuata kwa miguu na kuupiga tena, mpaka uingie. Halafu anakwenda shimo la pili. Anayemaliza kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Uwanja kamili una mashimo 18, na nusu yake mashimo 9. Ni mchezo wa subira, hauna kelele, na mtu mzima mwenye kitambi anaweza kuucheza bila ya kuona haya.

Lakini una njaa ya ardhi. Kiwanja cha mpira wa miguu hakifiki hekta moja. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 hula hekta 50 na zaidi. Na tofauti nyengine ni hii: mpira mmoja wa miguu huwachezesha watu 22, na mamia wakasimama pembeni wakishangiria. Katika gofu kila mtu ana mpira wake. Ukipima ardhi kwa idadi ya watu wanaofaidika nayo, hakuna mchezo ghali kama huu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo zito. Kwa nini wenye mamlaka ya siku zile walipenda ardhi kubwa namna ile ibaki wazi, tena ukingoni mwa mji, wakati Ng'ambo watu wanabanana? Starehe ni jibu moja. Jibu la pili limo katika ripoti zao wenyewe. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma daktari mmoja, W. J. Simpson, kuja kukagua hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, na Zanzibar ilikuwa mojawapo. Alikuwa mtaalamu wa tauni. Ushauri wake ulikuwa kwamba makaazi ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika yatengane, na baina yao iachwe ardhi isiyojengwa, ili maradhi yasivuke. Miaka 10 baadaye, mwaka 1923, mtaalamu wa mipango miji H. V. Lanchester akachapisha mpango wa kwanza wa mji wetu. Tangu hapo ardhi ya wazi baina ya mtaa na mtaa haikuwa tena bahati ya maumbile. Ilikuwa siasa ya kupanga nani akae wapi.

Tazameni majirani zetu mtaona sura ileile. Kampala, uwanja wa gofu uliwekwa katika bonde la Kitante, baina ya kilima cha Nakasero na cha Kololo. Dar es Salaam, baina ya mtaa wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika iliachwa ardhi ya wazi, na ardhi hiyo inaitwa, kwa jina lilelile kama letu, Mnazi Mmoja. Miji miwili, Mnazi Mmoja mbili, na zote mbili zilitumika kuwatenganisha watu.

Tuwe waadilifu. Hatusemi kwamba kila Mwingereza aliyepiga mpira pale alikuwa na nia mbaya. Wengi walikuwa watu wa ofisini waliotaka kupunga upepo baada ya kazi. Lakini nyasi zile zilifanya kazi hata kama mchezaji mwenyewe hakuikusudia. Mtu wa Kikwajuni au Miembeni alisimama ukingoni mwa mtaa wake, akaona mbele yake eneo kubwa lililofyekwa vizuri, lenye upepo mwanana wa bahari, na akajua kwamba mahali pake katika mchezo ule ni kubeba mfuko wa magongo au kutafuta mpira uliopotea. Hapakuhitajika ukuta. Nyasi peke yake zilitosha kumwambia.

Watu wetu lakini hawakukaa wakitazama tu. Mpira wa miguu ulikwishafika Unguja kupitia skuli ya wamisionari ya Kiungani, kusini mwa mji, na ukaenea kama moto wa makuti. Vijana wa Ng'ambo waliupenda kwa sababu hauhitaji kitu. Ukikosa mpira wa ngozi unafunga wa matambara na kamba ya mgomba. Timu zikaundwa mitaani, kila mtaa na majina yake na mashabiki wake. Katika viwanja vile vile vya Mnazi Mmoja, pembeni mwa gofu na kriketi, mpira wa miguu ukawa ndio mchezo wenye watu. Ilipofika mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika mashindano ya Kombe la Gossage, ikapambana na Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mwaka 1995 timu yetu ilipolichukua Kombe la CECAFA kule Uganda, mizizi ya ushindi ule ilianzia katika vumbi la viwanja kama hivi.

Sasa tunaomba ruhusa tuwapelekeni mbali kidogo, mpaka Uskoti, huko gofu ilikotoka. Tunakwenda kwa sababu kisa cha huko kilitushangaza sisi wenyewe tulipokuwa tunatayarisha maneno haya.

Gofu ya mwanzo haikuwa mchezo wa mabwana peke yao. Ilichezwa kwenye ardhi ya mchanga iliyo baina ya bahari na mashamba, ardhi isiyofaa kulimwa, ambayo ilikuwa ya watu wote wa mji. Ni shingo za mchanga kama hii yetu. Watu walipenda mchezo huo mpaka mwaka 1457 Bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu kwa pamoja, kwa hoja kwamba vijana wameacha mazoezi ya kupiga mishale. Michezo miwili ambayo kwetu ilikuja kutengana, mmoja wa bwana na mmoja wa mtoto wa mtaani, kwao iliwekwa kapu moja na kukatazwa siku moja.

Uwanja mashuhuri kuliko yote uko katika mji wa St Andrews. Na uwanja huo, ndugu zetu, ni mali ya umma. Wenyeji walikuwa na haki ya kuchunga mifugo pale na kuanika nguo zao. Mpaka leo, siku ya Jumapili, uwanja mkongwe kwa kawaida hauchezwi gofu. Unaachwa wazi, watu wanatembea na watoto wao na mbwa wao juu ya nyasi ambazo siku nyengine wachezaji wakubwa wa dunia wanazipania.

Lakini haki hiyo haikujilinda yenyewe. Mwaka 1797 mji ule ulifilisika, na ardhi ile ikauzwa. Ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara waliotaka kufuga sungura. Sungura wakachimba mashimo kila mahali, na wenyeji wakapambana nao mahakamani na uwanjani kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1821 mwenye ardhi mmoja wa jirani alipoinunua na kuiokoa. Hatimaye mwaka 1894 mji wenyewe ukairejesha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge.

Tuliposoma hayo tulijiuliza maswali mawili. La kwanza: iweje mchezo uliozaliwa juu ya ardhi ya watu wote ufike kwetu ukiwa na mpaka? Jibu tumekwishalitoa. La pili ndilo lililotuweka macho usiku: kama mji wenye haki za karne nyingi ulikaribia kuupoteza uwanja wake kwa sungura, sisi tuna nini cha kutulinda?

Turudi nyumbani. Mapinduzi yalikuja Januari 1964. Vilabu vya kubaguana kwa rangi na kabila vikafikia mwisho wake, na mwezi Machi mwaka huohuo ardhi ikatangazwa kuwa mali ya umma. Ile klabu ya Shangani ikawa hoteli. Magongo yakawekwa kando. Hospitali iliyo karibu na viwanja ikaitwa kwa jina la Lenin kwa muda, kisha ikarudia kuitwa Mnazi Mmoja. Jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa ramani ya J. H. Sinclair, likaendelea kusimama pale na kuba lake jeupe, likiangalia watu wapya juu ya nyasi za zamani. Mwaka 1970 Uwanja wa Amaan ulipofunguliwa, mechi kubwa zikahamia huko. Mnazi Mmoja ikabaki kwa timu za mitaa, kwa watoto wa skuli, kwa mikutano, na kwa sikukuu.

Na sikukuu ndiyo iliyoufanya uwanja ule kuwa wetu hasa. Hakuna mmoja humu ukumbini asiyeikumbuka Idi ya Mnazi Mmoja. Nguo mpya zinawasha shingoni. Pesa ya sikukuu imefungwa kwenye kitambaa na kuhesabiwa mara kumi kabla ya kufika. Pembea, juisi ya miwa, urojo, mishikaki, vibaraghashia vipya, hina mikononi mwa wasichana. Mtoto wa Shangani na mtoto wa Kwahani wanasimama mstari mmoja wakingojea pembea moja, na hakuna anayeuliza nani anatoka upande gani wa maji. Ardhi iliyoachwa wazi ili watu wasikutane ikawa ndiyo mahali pa kukutania. Hatujui ushindi mkubwa zaidi ya huo ambao mji huu umewahi kuupata bila ya kupiga kelele.

Basi tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba kitu cha wote kina kawaida ya kukosa mwenyewe. Zamani za gofu palikuwa na mtu wa kufyeka, mtu wa kumwagilia na kamati ya klabu ya kuulizia. Walilinda kwa choyo, lakini walilinda. Sisi tumerithi ardhi, hatukurithi zamu. Mti unakufa hapandwi wa pili. Gari moja inaegeshwa ukingoni, kesho ya pili, kesho kutwa pamekuwa kituo. Sikukuu inakwisha, mifuko ya plastiki inabaki mpaka sikukuu ya pili. Bamvua likija, maji ya chumvi yanakumbuka njia yao ya zamani na kuingia kwenye mchanga. Hakuna aliyekuja na trekta kuuchukua uwanja. Unaliwa kidogo kidogo, kama panya anavyokula nyayo za mtu aliyelala, anauma na kupuliza.

Na kuna hasara nyengine isiyoonekana kwa macho. Wazee waliobeba mifuko ya magongo, waliocheza mpira pale miaka ya 1940 na 1950, waliolivuka daraja maji yakiwa yamejaa, wanatuondokea mmoja mmoja. Katika majumba yetu kuna picha ndani ya mabegi chini ya vitanda, zinaliwa na mchwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba ardhi bila kumbukumbu ndiyo inayopotea upesi zaidi, maana siku mtu atakaposimama na kusema pale palikuwa patupu, hapana kitu, tutamjibu kwa nini?

Katika kikao cha kamati kijana mmoja alituuliza swali zuri. Alisema: "Wazee, utalii umekuja, kaskazini ya mji kuna hoteli ina uwanja wa gofu wa mashimo 9 na wageni wanalipa. Kwa nini nasi tusiirejeshe gofu Mnazi Mmoja, tukapata fedha?" Wengine walicheka, lakini hatukumdharau. Tukamjibu kwamba gofu si adui yetu. Mtoto wa Unguja akitaka kuwa bingwa wa gofu, tutamshangiria na kumnunulia gongo. Lakini mchezo ule ukirudi pale kwa njia ya tiketi, ukuta wa nyasi utarudi nao. Mwenye kutaka kuuleta Mnazi Mmoja kwanza atuoneshe Jumapili yake, ile siku ambayo mama wa Kikwajuni atapita katikati ya uwanja na watoto wake bila ya kuulizwa na mtu.

Kwa hiyo, mwaka huu jumuiya inakusudia kufanya mambo matatu, kwa ruhusa ya Baraza la Manispaa, ambalo tutaliandikia kabla ya kuchimba hata shimo moja.

La kwanza ni miti na mabenchi. Tunataka kupanda miti ya kivuli ukingoni mwa viwanja, si ndani ya viwanja. Miti ikisimama ukingoni ni alama ya mpaka isiyomfukuza mtu. Gari haiwezi kuegeshwa juu ya mti, lakini bibi anaweza kukaa chini yake. Gharama kubwa ya mti si mche, ni maji na ulinzi wa miaka mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana tunaomba kila familia, au kila kundi la marafiki mlio nje, mchukue mti mmoja na kuubeba kwa miaka mitatu. Anayetaka kuchukua benchi, fundi wetu atalitengeneza kwa mbao nzuri.

La pili ni watoto. Tunataka milingoti ya goli inayosimama, nyavu, mipira, na saa zilizopangwa ili wasichana nao wapate uwanja bila ya kusubiri wavulana wachoke, maana wavulana hawachoki. Mama zetu katika kamati wamelisimamia hili kwa nguvu, na wanaume wa kamati tumenyamaza na kukubali. Pia kila baada ya sikukuu patakuwa na zamu ya usafi, mtaa kwa mtaa.

La tatu ni kumbukumbu. Vijana wetu watapita majumbani kuwarekodi wazee na kuzipiga nakala picha za zamani za Mnazi Mmoja, Vuga, Kikwajuni, Miembeni na Darajani. Picha haitachukuliwa, itanakiliwa mbele yako na kurudishwa mkononi mwako. Nakala moja itabaki kwa jumuiya, na nyengine tutaomba ipokewe na Nyaraka pale Kilimani, ili iwe salama hata sisi tukiwa hatupo. Mlio ng'ambo, ninyi ndio mnatukosesha usingizi zaidi, kwa sababu picha nyingi ziliondoka nanyi. Fungueni masanduku. Picha ya babu yenu na timu yake ina thamani kwetu kuliko fedha, ingawa fedha pia hatuzikatai.

Mtasema mti mmoja, benchi moja, picha moja, vitazuia nini? Vitazuia ile hoja ya kwamba hapana mwenyewe. Watu wa St Andrews hawakushinda kwa sababu walikuwa na nguvu. Walishinda kwa sababu waliendelea kwenda. Waliendelea kutembea pale, kucheza pale, kuanika nguo pale, na kila alipotokea mtu na hesabu yake alikuta watu. Ardhi ya umma hailindwi na bango. Inalindwa na miguu ya wenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona. Tunakuombeni mtusaidie kuuziba sasa, wakati bado ni wa mche mmoja na ndoo moja ya maji.

Daftari liko mezani kwa mshika fedha. Kila anayetoa atapewa risiti, awe ametoa shilingi elfu moja au milioni moja, na hesabu ya kila senti itasomwa mbele yenu mkutano ujao, kama ilivyosomwa leo. Asiyekuwa na fedha atuandikie jina lake kwa zamu ya kumwagilia. Asiyeweza kumwagilia atuletee picha. Asiyekuwa na picha alete watoto wake Mnazi Mmoja alasiri, awaoneshe mahali palipokuwa na maji, mahali palipokuwa na gofu, na mahali alipoangukia yeye kutoka kwenye pembea akiwa na miaka saba.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya waliobaki, na atupe umri wa kukaa chini ya miti hiyo.